Kikombe cha Upande wa Kushoto

Simu ya Zuhura ilinikuta uani kwangu Maneromango, natwanga kisamvu. Kisamvu ukikiachia nusu kinakataa kulainika tena, kwa hiyo mkwe wangu Asha alinishikia simu sikioni na mimi nikaendelea na mchi. Sauti ikasema, "Shikamoo, mtani." Nikaitika marahaba, nikauliza mtani gani wa asubuhi yote hii. Akasema yeye ni Zuhura binti Maganga, anapiga kutoka Magindu, baba yake amefariki jana na wameshamzika, kesho wanaondoa tanga. "Baba alituachia neno," akasema. "Alisema watani wote waje, lakini mtani wake Tatu binti Mwinshehe asikose. Kama hayupo, tanga lisiondolewe mpaka afike." Mchi ukanisimamia mkononi. Asha akauliza, mama, nani amekufa? Nikamwambia ni mpiganaji mmoja wa zamani. Sikumwambia zaidi. Kisamvu kile kilipikwa hivyo hivyo, na nyumba nzima wakalalamika.

Vijana wa siku hizi wanadhani utani ni mtu yeyote kumcheka mtu yeyote. Utani wetu ulikuwa na wenyewe. Mimi Mzaramo, Maganga Nkwabi alikuwa Mnyamwezi, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anakutukana usoni na hukasiriki. Anachukua nyama kwenye sahani yako, unamwangalia tu. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa. Anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akila, mpaka watu waliolia siku tatu wanajikuta wanacheka. Na lolote atakalosema mtani limesemwa na mtani, haliwekwi moyoni. Naomba anayesoma alishike hilo. Nilijificha nyuma yake nilipokuwa msichana, na uzeeni likaja kunifungia mlango.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na nane, nakaa Mlandizi kwa shangazi yangu Mwajuma, namsaidia kwenye mgahawa wake. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye chumba kimoja cha wateja na jiko la nyuma, na kati ya jiko na chumba palikuwa na tundu la dirisha la kupitishia sahani. Meza ilikuwa moja, ndefu, ya mbao za kuokoteza, imepigwa misumari ikatokeza chini, kwa hiyo mteja mgeni alijulikana kwa kuchanika suruali. Wateja wetu wakubwa walikuwa mabondia wa Mzee Mbwana, aliyekuwa askari zamani na akarudi na glovu nne na kengele. Walikuwa wakifanya mazoezi kwenye banda bovu jirani na sisi, na mchana walikuja kula wakinuka jasho na mafuta ya nazi. Waliokaa benchi la ukutani ni Athumani Mkwega asiyekula pilipili, Ramadhani Mloka aliyekunywa mchuzi wote kabla hajagusa ugali, na Saidi Kipara ambaye alikuwa na nywele nyingi. Watu wa nyumbani kwangu hushangaa, bibi shule ni darasa la tatu na ngumbaru, kisomo cha watu wazima, lakini hasahau jina la mtu. Hawajui kwamba kuna nyakati nimetamani kusahau majina mawili tu.

La kwanza ni Shomari Kibwana. Alikuwa wetu, wa Kisarawe, na alikuwa bingwa. Kwa miaka minne hakuna aliyemwangusha kutoka huku mpaka Morogoro. Alikuwa mtu wa kunyooka, mgongo kama amemeza mchi. Alikula polepole, anatoa mwiba wa samaki mmoja mmoja anaupanga ukingoni mwa sahani, na wenzake wakiwa wanapiga kelele yeye yuko na samaki wake. Siku moja aliniambia, "Binti, mkono wako unajua chumvi." Maneno hayo matano niliyaweka moyoni kama barua ya posa. Nilikuwa napitisha sahani yake dirishani mwisho kuliko zote ili mkono wangu ukae pale kidogo zaidi. Shangazi aliniona. Alisema, "Huyo anasifu chumvi, hajasifu mpishi. Kaa macho." Sikumsikia.

La pili ni Maganga. Yeye hakuwa bondia. Alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja upande wa Ruvu, na Jumapili alikuja na wenzake kula, wamevaa mashati safi lakini mikono ile ile ya mkonge, imekakamaa na ina mabaka meusi ya utomvu. Siku ya kwanza alichungulia dirishani kwangu akauliza, "Leo mmepika nini, majani tena?" Nikamuuliza yeye ni mtu wa wapi. Akasema Tabora. Nikasema, "Ndiyo maana huna shingo. Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka shingo ikaingia kifuani." Akacheka mpaka benchi likalia. Akasema, "Na babu yako alikuwa amelala chini ya mnazi sisi tunapita. Tuliporudi tulimkuta pale pale, hata ubavu hajageuza." Basi utani ukawa umeshikana. Tangu siku hiyo akija haagizi, anasema tu, mtani, lete hayo majani.

Jumapili jioni wakata mkonge walikuwa wakicheza mieleka kwenye mchanga nyuma ya mgahawa, na huko ndiko Mzee Mbwana alikomwona. Maganga alimwinua Saidi Kipara, bondia wa uzito mkubwa, akamlaza chini taratibu kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Mzee Mbwana akamwambia aje bandani, si kupigana, awe mtu wa kupigiwa mazoezi. Alikuja kila Jumamosi na Jumapili miezi mitatu. Anavalishwa glovu, anasimama, bingwa anampiga. Mwanzoni alikuwa akisahau akamkumbatia mtu kiunoni, na Mzee Mbwana anagonga kengele kwa hasira, "Huku hatushikani, wewe mtu wa pembe." Mchana wanakuja kula, wenzake wanamtania uso uliovimba. Mimi nikamuuliza anapata nini. Akasema, "Nyie watu wa ngumi mnaangalia mikono. Mkono unadanganya. Mimi naangalia kiuno na mguu. Mguu haujui kudanganya." Nikamwambia mguu wake mwenyewe una magaga.

Sasa kikombe. Alikuwa na kikombe chake cha bati cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni, alikuja nacho kutoka kambi ya shamba kwa sababu alisema vikombe vyetu ni vya kunyweshea kuku. Siku moja, katika ule utani wetu, wakati anazungumza nilikichukua upande wa kulia wa sahani yake nikakiweka kushoto. Akanyoosha mkono kulia, akakosa. Akapapasa. Kikombe kiko karibu na kiwiko chake cha kushoto, kinafuka moshi wa chai, yeye anapapasa. Nikacheka. Akageuza shingo yote, ndipo akakiona. Siku ya pili nikarudia, ikawa vile vile. Siku ya tatu wenzake walipokuwa nje wananawa, alinifuata kwenye dirisha. "Mtani," akasema, "umeniona." Nikasema nimekuona. Akanieleza kwamba mwaka juzi ncha ya mkonge ilimchoma jicho la kushoto, na kwa nje halina kitu lakini ndani anaona ukungu tu. Nyapara akijua atamwondoa kwenye kukata. Mzee Mbwana akijua atamwondoa bandani. "Nifiche," akasema. Nikamwambia, "Nikufiche vipi, mtu mzito kama gunia la korosho?" Lakini nilitikisa kichwa kukubali, na alielewa kuwa nimekubali, na mimi nilielewa kuwa ameelewa.

Mapambano makubwa yalikuwa yakifanyika Kisarawe, kwenye ghala la korosho msimu ukiwa umeisha. Ulingo ulitengenezwa kwa mbao juu ya magunia ya mchanga, na kamba zake zilikuwa za mkonge, zimezungushiwa matambara. Ghala lote lilinuka yale mafuta ya ganda la korosho yanayokereketa koo. Shangazi na mimi tulikwenda na lori la mizigo na masufuria yetu, tukauza chai na mihogo ya kukaanga mlangoni. Shomari alikuwa apigane na mtu wa Morogoro, na mtu wa Morogoro hakufika. Watu walikuwa wameshajaa, wametoka mpaka Mzenga, wameanza kupiga mabati. Shomari mwenyewe ndiye aliyesema, akiwa amekaa na taulo mabegani, "Mpeni Maganga glovu. Nitamchezesha raundi tatu watu wafurahi." Alisema kwa wema. Alimchagua kwa sababu alimjua kuwa hana madhara.

Nilisimama juu ya ndoo nikaona. Maganga alisimama namna ambayo mabondia hawasimami, bega la kulia mbele, kidevu juu ya bega hilo, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Watu wakacheka. Shomari akamgusa mara mbili tatu kwa madaha, akimwonyesha kila mtu jinsi inavyofanywa. Maganga hakurudi nyuma. Waliopigana na Shomari miaka yote walikuwa wakirudi nyuma, na yeye alikuwa amezoea kuwafuata. Huyu alikuwa akiingia ndani, anabandika kifua kwenye kifua, mahali ambapo mkono mrefu hauna kazi, na kila Shomari alipotaka kuzunguka alikuta mguu umeshamtangulia. Raundi ya pili hawakucheka tena. Raundi ya tatu nilimsikia Athumani Mkwega akisema, "Anafanya nini huyu?" na Mzee Mbwana akasogea karibu na kamba. Ya nne, maana refa aliiongeza kwa kelele za watu, Maganga alimpiga konde moja la ubavu, fupi, la mtu anayesukuma mlango kwa kiwiko. Shomari akapiga magoti. Hakuanguka, alipiga magoti kama anayetafuta kitu chini, na hakusimama mpaka hesabu ikaisha. Maganga akainama kumwinua. Hakujua kwamba hairuhusiwi, kwao mieleka ikiisha unamwinua mwenzako. Nilipiga kelele za furaha, nikaziba mdomo nilipomwona Shomari uso.

Wiki zilizofuata dirisha langu lilipitisha maneno kuliko sahani. Saidi Kipara alisema ni dawa ya Unyamwezini. Ramadhani Mloka alisema ni ule mkao wa kaa, bega mbele, huko kwao ndivyo wanavyofundishwa, na akaanza kuuigiza bandani mpaka akapigwa na kila mtu. Mzee Mbwana alisema, "Miaka thelathini sijaona mtu anasimama vile. Lazima pana sababu." Mimi nipo nyuma ya ukuta naosha vyombo na sababu ninayo kichwani. Sijui kama mnaelewa utamu wa jambo hilo kwa msichana asiye na kitu. Wanaume wazima, mabingwa, wanaumiza vichwa, na mimi ndiye ninayejua. Halafu wakaja watu wawili kutoka Dar es Salaam, wamevaa viatu vya ngozi, wakala kwetu. Wakamwambia Maganga wangependa kumwona tena na Shomari, na kama akishinda kwa mara ya pili wanamchukua, watampa kazi ya kukaa chini ya paa, chumba, na kocha. Walipoondoka alikuja dirishani. "Mtani, nitaacha kukata mkonge," akasema, kwa sauti ya chini, kama anaogopa mkonge utamsikia. Nikamwambia akafunge shati, kitovu kinaonekana.

Shomari hakuja kula wiki tatu. Sahani yake niliendelea kuisugua. Alipokuja alikuja peke yake, saa tisa mchana, wengine wameshaondoka na shangazi amekwenda kisimani. Nilimpa wali na samaki wa nazi. Hakutoa miiba. Alikuwa anasukuma wali upande huu anaurudisha. Nikatoka jikoni nikakaa benchi la mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilitaka anitazame. Nimejitafutia sababu nyingine miaka yote hii, za heshima zaidi: kwamba Shomari alikuwa wetu, kwamba mgahawa ungekosa wateja, kwamba nilimwonea huruma. Yote ni maneno. Nilitaka anitazame. Nikasema kwa kucheka, "Unamwogopa bure mtani wangu. Yule ukimwekea kikombe upande wa kushoto hakioni."

Akaacha kutafuna. "Rudia," akasema.

Hapo ndipo penyewe. Mara ya kwanza ulikuwa utani, au ungeweza kuwa. Ningesema natania tu, kula wali unapoa, na yangekwisha. Nilimwona mtu ameinua uso kutoka kwenye sahani na uso wote uko kwangu. Nikarudia, na sikucheka. Nilimweleza ncha ya mkonge, ukungu, na kwa nini anaweka bega la kulia mbele. Nikaweka kiganja juu ya jicho langu la kushoto kumwonyesha. Alinitazama muda mrefu kuliko siku zote nilizomngojea, lakini alichokuwa akikitazama ni kile kiganja. Kisha akasimama. "Hili ni langu na lako," akasema. Akaacha samaki mzima.

Pambano la pili lilikuwa ghala lile lile. Maganga alinipita mlangoni nikiwa na birika, akaninyang'anya muhogo kwenye sinia. "Leo nikishinda utanipikia nyama, si majani," akasema. Nilikuwa na nafasi. Alisimama mbele yangu anatafuna muhogo wangu, na ningeweza kumwambia, Shomari anajua. Maneno mawili. Nikamwambia aende, anazuia wateja. Sitaeleza pambano lote, maana halikuwa refu. Shomari hakumfuata, alikwenda upande, upande wa kushoto, anazunguka, anazunguka, na ngumi yake ya kulia ikawa inatoka mahali pasipokuwa na jicho. Maganga alikuwa anageuza shingo kumtafuta, vile vile alivyokuwa akikitafuta kikombe. Watu walicheka, walidhani anachezewa. Mimi nilijua ninachokiona. Konde la sita au la saba lilimpata pale pale kwenye jicho, na lile lililofuata pia, na refa alipoingia kati, Maganga alikuwa bado amenyoosha mkono wa kulia mbele, anapapasa hewa. Watu wa viatu vya ngozi waliondoka kabla matokeo hayajatangazwa. Mzee Mbwana alikaa juu ya gunia. Alimwangalia Shomari, akasema, "Nani amekuambia?" Shomari aligeukia kamba akaanza kufungua glovu kwa meno, hakuinua mkono wa ushindi.

Nilikwenda kumwona hospitali baada ya wiki, nikiwa na uji. Jicho lilikuwa limeshatolewa. Alikuwa amekaa kitandani, amefungwa bendeji nusu ya kichwa, na kikombe chake cha bluu kiko juu ya kabati. Nikammiminia uji nikauweka upande wa kulia. Akaupata mara moja. "Umeanza huruma, mtani," akasema. "Utauharibu utani." Nikainama nikafunika chombo cha uji. Yeye ndiye aliyeendelea. Akasema, "Shomari ni fundi. Raundi ya kwanza tu alishaliona mwenyewe. Bingwa ni bingwa." Akanywa uji. Nikakaa mpaka kikombe kikaisha, nikakiosha, nikaondoka. Nyapara hakumrudisha kwenye mkonge. Mtu wa jicho moja kwenye zile ncha ni hatari. Akaenda Magindu kuchunga ng'ombe wa watu, na huko akaoa, akapata ng'ombe wake mwenyewe. Shomari hakuniposa. Alimwoa Hadija binti Omari, hakurudi tena mgahawani, na niliposikia amekufa, miaka mingi baadaye, nilijisikia mwepesi, nikaona aibu kwa wepesi huo pia. Mwisho wa mwaka nilirudi Maneromango. Shangazi aliniuliza kwa nini, nikamwambia moshi wa jikoni unaniumiza macho.

Sikwenda Magindu hata siku moja mpaka siku ya tanga. Walikuwa wamefunga turubai mbele ya nyumba, wanawake wako kwenye masufuria, ng'ombe wamefungiwa nyuma wanalalamika. Mjane wake, Bi Kabula, aliponiona alisimama, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyovimba. "Mtani, umechelewa miaka yote hii, ulikuwa unavaa?" Nikamwambia, "Mmehamia porini na fisi, njia ningeijuaje." Watu wakacheka, na nikajisikia ulimi umerudi kwenye kazi yake. Wakanikalisha kwenye mkeka. Zuhura akaja kukaa karibu yangu, mwalimu wa shule, mtu wa makamo, ana shingo fupi ile ile. Akaniambia baba yake alikuwa akiwasimulia habari zangu. Kila akinywa chai alikuwa akisema, mtani wangu wa Mlandizi alinihamishia kikombe akaijua siri yangu, na hakumwambia mtu. "Alikuwa anasema angekuwa mwingine angemuuza," akasema Zuhura. "Kwa hiyo tulikuwa tunakujua, bibi. Ulikuwa mtu mkubwa humu ndani."

Nadhani kama angesema alinilaani ningeweza kukaa. Wakati huo huo watu wakaanza kusema, mtani amwigize marehemu, mtani amwigize. Bi Kabula akatoa kikombe cha bluu, rangi imebaki chini tu, akakiweka mbele yangu. Upande wa kushoto. Wote waliijua habari hiyo. Basi nikasimama, na magoti yangu haya, nikaweka bega la kulia mbele, nikakunja shingo, nikanyoosha mkono nikapapasa. Walicheka mpaka watoto wakakimbia kuja kuona. Nikapapasa tena. Halafu mkono ukiwa bado hewani nikasema, "Siri ile sikuitunza. Nilimwambia Shomari Kibwana kabla ya pambano la pili. Mimi ndiye niliyemuuza Maganga."

Wanawake waliokuwa kwenye masufuria wakageuka na miiko mikononi. Kisha mzee mmoja wa kwao, Mzee Kapela, akapiga paja lake. "Mzaramo huyo," akasema. "Mlianza kwa kuwauza babu zetu, leo mnamaliza na marehemu." Turubai zima likacheka. Nikasema tena. Sikucheka. Nikataja wali, nikataja samaki wa nazi, nikataja saa tisa mchana na shangazi amekwenda kisimani, nikaweka kiganja juu ya jicho kama nilivyofanya siku ile. Kadiri nilivyokaza uso ndivyo walivyozidi, maana mtani hodari ni yule asiyecheka mwenyewe. Mwanamke mmoja alimwegemea mwenzake akisema, mwambieni aache, mbavu zangu. Bi Kabula alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa pindo la kanga, na sikuweza kujua ni machozi ya upande gani. Aliposhika pumzi alichukua kile kikombe akanitia mkononi. "Chukua chako, mtani," akasema. "Kwako tanga letu limefana." Zuhura alinisindikiza mpaka barabarani akiwa bado anatabasamu, akanishukuru, akaniambia mama yake hakuwa amecheka tangu kifo.

Nimerudi nacho. Kiko hapa mezani, na daftari ni la Asha, la mahesabu ya vitumbua, nimeligeuza nyuma. Mkono wangu ni wa ngumbaru, unakwenda polepole, na huo ndio uzuri wake: huwezi kutania kwa mwendo huu, kila neno lazima uliangalie usoni kabla hujaliacha. Nimeandika siku kumi na moja. Likiisha litakwenda Magindu kwa Zuhura, yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, afanye nalo anavyoona. Nimelisema lile jambo mara mbili mbele ya watu wake, hii ni mara ya tatu.

Zuhura, mwanangu, hapa hakuna mtani. Usicheke.